Mshtaki Yuko Wapi? Mashabiki wa Nyamarambe na Mashtaka ya Waimbaji wa Kongo

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili tumezoea kuwataja watu wawili: fanani na hadhira. M. M. Mulokozi, katika maandishi yake ya tangu mwishoni mwa miaka ya themanini, alitukumbusha kuliangalia pia tukio lenyewe pamoja na mazingira yake, na tokea hapo hakuna mwanafunzi wetu asiyeandika katika karatasi ya mtihani kwamba fasihi simulizi ni utendaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba baina ya fanani na hadhira yupo mtu wa tatu ambaye uhakiki wetu umempuuza. Sikumgundua kitabuni. Niliambiwa habari zake katika mabishano ya mashabiki huko Nyamarambe, mwezi wa Julai 2016, siku ambazo mwimbaji Koffi Olomide alifukuzwa nchini Kenya.

Nyamarambe ni soko la Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii. Upande mmoja kuna Tabaka, panapochongwa yale mawe laini yaliyolipeleka jina la Kisii katika maduka ya ulimwengu; upande wa pili nchi inateremka kuelekea Rongo na Ujaluoni, na miwa inaanza kushindana na migomba. Watu wa mpakani husikia mengi. Babu zetu walikuwa na obokano, ala ya nyuzi nane yenye mngurumo mzito. Baba zetu waliipokea benga kutoka kwa jirani, na marehemu Christopher Monyoncho akaifundisha kusema Kigusii. Kando ya hayo yote palikuwapo kile ambacho kila mtu alikiita, bila kujali kilirekodiwa wapi, “muziki wa Kongo”.

Muziki huo haukuingia siku moja, na historia ya kuingia kwake ina uzito katika hoja yetu. Baba Gaston alihamia Nairobi mwaka 1975. Mwaka uliofuata baadhi ya wanamuziki wake walijitenga wakaunda Les Mangelepa. Orchestra Super Mazembe nao walipiga kambi humo humo, na baadaye Samba Mapangala na Virunga yake. Wanamuziki hao waliishi nasi. Walitunga kwa Kilingala, lakini walitunga pia kwa Kiswahili, kwa hiyo mkulima wa Nyamarambe aliyekuwa na redio aliweza kugombana na wimbo kwa maneno yake: kwamba mume huyu anadanganya, kwamba mwanamke yule kaonewa. Kizazi changu kilikuta mambo yamebadilika. Wengi wa Wakongo wa Nairobi walikwisha kutawanyika, na nyimbo sasa zilitoka Kinshasa na Paris. Koffi Olomide alizaliwa Kisangani mwaka 1956, mji ambao haukuwa mgeni kwa Kiswahili, lakini nyimbo zilizomletea sifa kwetu ni za Kilingala na Kifaransa. Albamu yake Loi, ya mwaka 1997, ilitufikia kwa kanda nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Tuliikariri yote. Hatukujua hata neno moja.

Sisemi hivi kwa kejeli. Wimbo usioeleweka maneno haukosi maana. Hupewa maana na wanaousikiliza. Naukumbuka wimbo mmoja uliokuwa na tafsiri tatu kwetu sokoni: kwa makanga wa matatu ulikuwa wa mwanamume aliyeachwa, kwa mwenye kioski ulikuwa wa maombolezo ya mama, na kwa mwalimu wetu wa jiografia ulikuwa dua. Miaka mingi baadaye nilipata Mkongo wa kunifasiria. Wote watatu walikuwa wamekosea. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, yakaja mabanda ya video. Jenereta iliwashwa nyuma ya duka, tukalipa shilingi 10, na kwa mara ya kwanza tukaiona ile sauti. Tulichokiona zaidi, tuseme kweli, hakikuwa Koffi. Mwimbaji alisimama kidogo, akatembea kidogo, akavua miwani. Walioujaza wimbo, hasa ulipofika sehemu ya sebene, walikuwa wanenguaji. Kutoka kwao ndipo vijana wa Nyamarambe walipojifunza kwamba wimbo fulani ni wa furaha na mwingine ni wa majigambo. Mwili wa mnenguaji ndio uliokuwa mkalimani wetu.

Kesi ya kwanza iliyowagawa mashabiki hao haikuwa ya Koffi. Mwezi wa Februari 2003, Papa Wemba alikamatwa Ufaransa akituhumiwa kuwaingiza watu Ulaya kwa kuwasingizia kuwa ni wanamuziki wa bendi yake, kwa malipo. Wakongo waliwaita abiria wa namna hiyo ngulu, yaani nguruwe. Neno ambalo Mswahili halihitaji kufasiriwa. Alikaa kizuizini miezi kadhaa, na mwezi wa Novemba 2004 mahakama ya Bobigny ikamhukumu kifungo cha miezi 30, 26 kati yake ikiwa kifungo cha nje, pamoja na faini ya euro 10,000. Nyamarambe ilimsamehe kabla ya hakimu kusema lolote. Nakumbuka hoja iliyotawala: amewavusha maskini, nani hapa asingelipa avushwe? Papa Wemba mwenyewe alitoa, katika albamu ya Somo Trop ya mwaka huo huo wa 2003, wimbo kuhusu maisha ya gerezani.

Hapa mhakiki wa Kiswahili anajikuta katika nchi anayoijua. Mwimbaji mfungwa ni mtu mashuhuri katika jadi yetu. Fumo Liyongo wa masimulizi alikata pingu zake huku ngoma ya gungu ikivuma kuifunika sauti ya tupa; Abdilatif Abdalla alitunga gerezani, kati ya mwaka 1969 na 1972, mashairi yaliyotoka kama Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Sithubutu kuzilinganisha hatia. Nasema tu kwamba hadhira ilikuwa na kiti tayari cha kumkalisha Papa Wemba: kiti cha mtunzi aliyefungwa na wenye nguvu. Wale abiria walioachwa njiani baada ya kulipa hawakuwa na kiti. Hilo hatukuliona wakati ule. Nami nilikuwa miongoni mwa wasioliona.

Mwaka 2016 kiti hicho kilikataa kukaliwa. Ijumaa, Julai 22, Koffi alitua Nairobi kwa onyesho lililopangwa Bomas kesho yake. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta alionekana, kwenye picha za video zilizoenea siku ile ile, akimrushia teke mnenguaji wake. Alikana, alidai alikuwa akizuia ugomvi. Sicily Kariuki, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya masuala ya jinsia, alitaka afukuzwe nchini. Usiku akakamatwa, na asubuhi ya Jumamosi akapandishwa ndege kurudi Kinshasa. Onyesho la Bomas likafa. Lililopangwa Zambia nalo likafutwa. Huko kwao alikamatwa Julai 26, akaachiliwa baada ya siku chache, na akaomba radhi.

Jumamosi hiyo nilikuwa nyumbani kwa matanga ya jamaa. Kwetu mkesha huwa na vipaza sauti, na mwenye mitambo alikuwa na nyimbo nyingi za Koffi. Alipoanza kuuweka wa kwanza, sauti ya mwanamke kutoka upande wa meko ikamwambia auondoe. Akauondoa, kisha vijana wakapiga kelele, akaurudisha, kisha akazima kabisa, na mabishano yakaanza.

Kinyozi wa sokoni, shabiki ambaye angeweza kukutajia albamu zote kwa mwaka, alishika hoja ambayo wasomi wenzangu wangeitambua mara moja: mtu ni mtu na kazi ni kazi. Roland Barthes alichapisha mwaka 1967 makala yake kuhusu kifo cha mwandishi. Kinyozi hakumsoma, wala hakumhitaji. “Mwalimu,” aliniambia, akitafuta shahidi, “wewe huwafundisha wanafunzi kwamba anayesema ndani ya shairi si mtunzi. Sasa?” Nilikubali kwamba ndivyo ninavyofundisha. Mwalimu mstaafu alileta hoja ya sheria: kwamba Kenya haikumshtaki mtu huyu mbele ya hakimu yeyote, ilimtoa tu, kama vile mtu anavyofagia takataka hadi kwa jirani. Kwake huo haukuwa ushindi wa sheria bali kuikwepa sheria. Vijana wawili walisema video ni fupi na haijulikani kilichotangulia. Hoja hii ya mwisho haikumridhisha mtu, hata wao wenyewe.

Ndipo omogaka mmoja, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza jinsi ambavyo wangeuliza wazee wa etureti, lile baraza la zamani la kusuluhisha kesi za ujirani: “Mshtaki yuko wapi?” Akafafanua: kesi haikatwi kabla ya aliyeumizwa kusema. Huyo binti amesema nini? Kijana mmoja aliyekuwa akifuatilia habari kwa simu akamjibu, “Baba, amerudishwa naye. Wanenguaji wamefukuzwa pamoja na Koffi.”

Nakiri kwamba nilikuwa nimeisoma habari hiyo mchana na haikunigusa. Serikali iliyotaka kumtetea mwanamke aliyepigwa teke ilikuwa imempandisha ndege moja na aliyempiga, kurudi katika kazi ambayo mkuu wake ni yeye yule. Katika lugha ya uhamiaji wote walikuwa kitu kimoja: bendi.

Mama mmoja kati ya waliokuwa mekoni, huenda ndiye aliyekataza wimbo mwanzoni, akamgeukia kinyozi. “Mwanangu,” alisema, “mimi Koffi simjui. Anasema nini sijui. Ninaowajua ni wale wasichana. Nilijifunza kwao kucheza harusini kwa dada yangu.” Kinyozi hakujibu.

Kauli hiyo nimeirudia mara nyingi darasani, kwa kuwa nadhani inaupindua mjadala wetu mzima kuhusu mtunzi na kazi yake. Anayetaka kuitenga kazi na mtu huanza kwa kudhani kwamba kazi ina mwenyewe mmoja, na kwamba ukimwondoa huyo inabaki safi, haina damu. Katika hadhira isiyojua Kilingala dhana hiyo haisimami. Kazi iliyofika Nyamarambe ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya wanenguaji. Wao ndio walioibeba maana hadi ikatufikia. Teke la uwanja wa ndege, kwa hiyo, halikuwa jambo la maisha binafsi ya msanii lililo nje ya matini. Mmoja wa watunzi alimpiga mtunzi mwenzake. Kumwambia yule mama asahau teke na afurahie wimbo ni kumwambia afurahie mwili ule ule uliopigwa.

Mtu aweza kupinga kwamba mama yule alikuwa akihukumu maadili, si sanaa. Sioni hivyo. Hukumu yake ilitokana na ujuzi wa kisanaa: alijua nani alifanya nini katika wimbo, na alijua kuliko kinyozi mwenye orodha ya albamu. Waimbaji wa Kinshasa wana desturi ya kutaja ndani ya wimbo majina ya wafadhili na matajiri, mara nyingi kwa malipo. Wakongo huiita libanga. Hivyo mfanyabiashara ambaye hakuwahi kushika gitaa aweza kudumu ndani ya wimbo. Katika makasha ya kanda na video niliyoyahifadhi tangu ujana nimetafuta majina ya wanenguaji. Kazi hiyo imenichukua muda mwingi kuliko mavuno yake.

Mashabiki wa Ulaya walikuwa na mzozo wao, wa aina nyingine. Kwa miaka mingi Wakongo wa ughaibuni wanaojiita combattants waliwazuia nyota wa Kinshasa kuimba Paris, London na Brussels, wakiwashutumu kwa kuusifu utawala wa nyumbani. Onyesho la Fally Ipupa huko La Cigale, Paris, lilifutwa mwaka 2017. Alipoimba Bercy hatimaye, Februari 28, 2020, moto uliwaka karibu na stesheni ya Gare de Lyon. Huko kosa la mwimbaji lilikuwa maneno yake. Nyamarambe isingeweza kumshtaki mtu kwa maneno.

Mshtaki alisikika mahali pengine, na si yule wa Nairobi. Wanenguaji wanne wa zamani walimshtaki Koffi nchini Ufaransa kwa mambo waliyosema yalitendeka kati ya mwaka 2002 na 2006, yaani miaka ile ile tuliyokuwa tukilipa shilingi 10 kuwatazama wanenguaji wake. Machi 2019 mahakama ya Nanterre ilimpa kifungo cha nje cha miaka miwili kwa kosa la kingono dhidi ya mmoja wao, aliyekuwa na umri wa miaka 15. Desemba 2021 mahakama ya rufaa ya Versailles ilimwondolea mashtaka ya kingono, lakini ikamtia hatiani kwa kuwazuia wanenguaji hao bila hiari yao, na kumpa kifungo cha nje cha miezi 18. Niliposoma habari hizo nilijaribu kukumbuka ni video ipi tuliyoitazama mwaka gani, na nani alisimama wapi ndani yake. Sikuweza.

Koffi aliimba tena Nairobi mwezi wa Desemba 2023. Nilipita Nyamarambe wakati wa Krismasi na kuingia kunyolewa. Kinyozi alikuwa ameirudisha ukutani ile picha yake ya zamani, aliyoikata kutoka kwenye tangazo la albamu. Nilimuuliza kama anawajua wasichana walio nyuma. Alisimamisha mashine, akaisogelea picha, akaitazama kwa muda. Kisha akasema atamuuliza mama yake.