Ngoma ya Kairo Iliyonaswa kwa Waya

Vitabu vingi huanzisha hadithi ya muziki wa sauti zilizonaswa mjini Paris, mwaka 1948, Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa alipotunga kwa milio ya garimoshi. Miaka minne kabla yake, huko Kairo, kijana wa miaka 23 aliyesomea uhandisi wa kilimo alikuwa ameshapita njia hiyo. Jina lake Halim El-Dabh.

Mwaka 1944 aliazima kinasa sauti kwenye kituo cha redio. Usidhani ni kidude cha kutia mfukoni: lilikuwa dude zito, na sauti ilikaa kwenye waya mwembamba wa chuma. Akalibeba hadi kwenye zaar, ngoma ya wanawake ya kupunga pepo.

Utamu uko katika alichofanya aliporudi redioni. Sauti ya muziki huwa na mlio wake mkuu, na juu yake milio hafifu isiyosikika peke yake. El-Dabh aliuondoa ule mkuu, akabakiza ile hafifu, akaipitisha kwenye chumba cha mwangwi chenye kuta za kusogezwa, kisha akainasa upya. Kipande kilichosalia ni cha kama dakika mbili tu. Huwasikii wanawake waziwazi, wala ngoma. Ni mvumo unaokuja na kurudi, kama upepo mdomoni mwa mtungi. Hata hivyo unahisi kabisa kuna watu mle ndani.

Mwaka 1950 alikwenda Marekani, na huko hakuchagua upande kati ya ala na mitambo. Mwaka 1958 alimtungia mbunifu wa dansi Martha Graham muziki wa dansi ya Clytemnestra, akaandika pia kazi ya darabuka na ala za nyuzi. Mwaka uliofuata, katika studio ya vyuo vya Columbia na Princeton, akarudi kwenye mitambo kwa kazi kuhusu Laila na Majnuni, wapendanao wa hadithi ya kale ya Kiarabu. Baadaye alifundisha Addis Ababa, kisha Ohio, alikofariki mwaka 2017 akiwa na miaka 96.

Mimi mashindano ya nani alitangulia hayanikoshi. Schaeffer hakumwibia mtu. Ila kinachonigusa ni kwamba kipande kile cha Kairo kilikuja kutolewa kwenye CD mwaka 2000, mtunzi akikaribia miaka 80.