Picha Isiyokuwa na Baba

Kule Lizaboni, hapa hapa Songea mjini, bibi yangu ana kopo la biskuti analolitunza chini ya kitanda. Usidhani ndugu msomaji kwamba mna biskuti, au hela. Mna kadi za kliniki za watoto ambao leo ni watu wazima, risiti za tumbaku, na picha mbili za zamani, zile nyeusi na nyeupe.

Picha ya kwanza imepigwa kijijini. Mama mmoja kashika mchi, kinu kiko mbele yake, mtoto mchanga kafungwa mgongoni. Wasichana wawili wanapeta kwa ungo. Nyuma yao kuna kihenge na ukuta wa udongo. Ukiigeuza, unakuta wino uliofifia: "Songea, 1954". Basi. Hakuna jina la mtu hata mmoja. Aliyepiga alikuwa mgeni mpita njia, baadaye akawaletea nakala moja. Huyo msichana mdogo aliyefumba jicho kwa jua ndiye bibi, na mwenye mchi ni mama yake.

Siku ya kwanza nilipoonyeshwa nikauliza, "Bibi, baba yako yuko wapi hapa?"

Akacheka. "Yuko Tanga, mjukuu wangu. Picha hiyo inapigwa, yeye yuko Tanga."

Sisi vijana wa Songea historia tunaijua kwa vita. Kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka Nduna Songea Mbano na wenzake walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Ni haki yao. Ila vita vya Maji Maji vilipokwisha 1907, mambo hayakuishia kwenye kamba. Wajerumani walikuwa wamechoma mashamba na maghala kwa makusudi, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Baadaye Waingereza wakaitawala nchi. Reli haikufika kwetu, lakini kodi ilifika, na ilitakiwa fedha taslimu. Wengine walilima tumbaku. Wengine wengi wakaondoka kwenda kukata mkonge.

Kutoka hapa hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, kikijulikana kama SILABU, na Songea ilikuwa moja ya sehemu kilikochota watu. Wakaitwa manamba, maana kule mtu alihesabika kwa namba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: mpaka kadi ijae siku 30 za kazi ndipo ulipwe. Wako waliorudi na blanketi na baiskeli, na wako ambao hawakurudi kabisa.

Sasa itazame tena ile picha. Mgeni angesema, haya ndiyo maisha ya kijijini, ndivyo walivyoishi tangu enzi na enzi. Si kweli! Ile familia ya mama na watoto peke yao ilitengenezwa na kodi na mkonge. Yule mama anatwanga, analima, anajibu wadai, anaulizwa na watoto baba atarudi lini. Utulivu wote ule ni wa dakika moja ya kamera.

Picha ya pili ni ya studio, Tanga. Kijana kasimama wima ndani ya koti. Bibi anasema koti lilikuwa la mwenye studio, la kuazima. Ilikuja ndani ya barua kujibu ile ya kwanza, kwa sababu mama mtu alikuwa ameituma Tanga ili mumewe aone watoto. Babu aliporudi mwaka 1957 akarudi na picha ile mfukoni. Mkewe akazibandika zote mbili ukutani, ubavu kwa ubavu, kwa uji mzito. Alama za uji bado zipo.

Mwezi uliopita nikauliza habari za yule mtoto wa mgongoni. Bibi akanyamaza kitambo. Alikuwa mdogo wake wa kiume, akafa kabla hajatembea. Baba yake alimwona kwenye picha hii tu.

Dada mwenye ungo naye keshafariki. Waliomjua mtoto yule amebaki bibi peke yake, na macho yake yanaingia ukungu.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, nami nimo, tunahangaika kutafuta visa vya Ulaya na sinema. Nendeni kwanza kwenye makopo ya bibi zenu. Mimi nilichukua penseli nikaandika nyuma ya picha majina yote manne, na la mtoto yule pia. Hapa sitayataja, ni ya kwetu. Bibi akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akasema, "Hebu la mwisho rudia."