Tornado: Neno Lililokatazwa Katika Utabiri

Ndugu mkulima, sote tunakijua kisulisuli, ule upepo unaozunguka na kuinua vumbi shambani wakati wa jua kali. Tornado ya Marekani inafanana nacho kwa sura, lakini chanzo chake ni kingine. Kisulisuli huanzia chini, ardhi ikipata joto. Tornado hutokana na wingu kubwa la mvua ya radi.

Huanza hivi: hewa ya joto yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico huingia chini ya hewa kavu na baridi, kisha hupanda kwa nguvu. Upepo wa juu ukiwa na kasi na mwelekeo tofauti na wa chini, hewa hujiviringisha kama mkeka uliolazwa. Hewa inayopanda huusimamisha mkeka huo, na wingu huanza kuzunguka. Mara nyingine mzunguko huo hubana na kufika ardhini. Hiyo ndiyo tornado.

Mwaka 1884, John P. Finley wa jeshi la Marekani alianza kujaribu kuzitabiri. Wakubwa wakahofia kwamba watu wangetaharuki, na neno "tornado" likakatazwa katika utabiri kwa miaka mingi. Tarehe 18 Machi 1925, tornado moja ilipita Missouri, Illinois na Indiana, ikaua watu 695. Hakuna tahadhari ya tornado iliyotolewa.

Tarehe 20 Machi 1948, tornado iliharibu ndege nyingi katika kambi ya Tinker, Oklahoma. Maafisa wawili, Ernest Fawbush na Robert Miller, wakachunguza hali ya hewa ilivyokuwa siku za namna hiyo. Tarehe 25 Machi waliona dalili zilezile, wakatoa tahadhari. Ndege zikaingizwa ndani, watu wakajikinga. Jioni ileile tornado ikapiga kambi, na hakuna aliyekufa. Mwaka 1950 idara ya hali ya hewa iliruhusu neno hilo, na mwaka 1952 ikaanza kuutahadharisha umma.

Somo kwetu ni hili: aliyeonywa mapema hupata nafasi ya kujikinga. Ukisikia tahadhari ya upepo mkali redioni, kaza mabati, ingiza mifugo bandani, na mwambie jirani asiye na redio. Upepo usipokuja, hujapoteza kitu ila jasho.