Enzi ya Waandazi Wakuu

Enzi ya kasri ilipokuwa ikififia katika Ulaya na hoteli kubwa zikishika mahali pake, kazi ya mwandazi, fundi wa keki, maandazi na vitamutamu vya karamu, iligeuka kabisa. Kwani mtu aliyezoea kumtumikia bwana mmoja alijikuta akiwatumikia mamia ya wageni asiowajua, kila mmoja akidai sahani yake kwa saa yake.

Wa kwanza anayestahili kutajwa ni Antonin Carême, aliyezaliwa Paris katika ufukara mwaka 1784, akaachwa na babaye angali mtoto katikati ya ghasia za Mapinduzi ya Ufaransa, akapata hifadhi kwa kutumika jikoni. Ujana wake ulimkuta ni mwanagenzi katika duka la mwandazi Bailly, mtaa wa Vivienne, karibu na maktaba kuu ya taifa, naye bwana wake, kwa hisani ambayo naihesabu kuwa kubwa, akampa ruhusa ya kwenda kunakili michoro ya majengo ya kale. Nguzo za Kiyunani na magofu ya Kirumi aliyajenga upya kwa sukari na lozi zilizosagwa, yakapamba dirisha la duka, na baadaye meza za waziri Talleyrand. Alifariki mwaka 1833, hajatimiza miaka 50, na wengi wamesema kwamba moshi wa makaa ndio uliomla mapafu; nami nasadiki, maana katika majiko ya zama hizo madirisha yalifungwa saa ya kupakua ili chakula kisipoe, na wapishi wakabaki humo na hewa yao chafu.

Wala si haki kuzisifu fahari hizo bila kuitaja sukari yenyewe, ambayo kwa miaka mingi Ufaransa iliipata kutoka Saint-Domingue, nchi iitwayo leo Haiti, ilikolimwa na watumwa waliokufa kwa maelfu mashambani, hata walipoinuka mwaka 1791 na kuuvunja utumwa ule. Vita na Uingereza vilipoifunga bahari, Wafaransa walihangaika kutafuta badala yake, mpaka mwaka 1812 mwenye kiwanda Benjamin Delessert alipofanikiwa kusafisha sukari ya viazisukari huko Passy.

Hoteli ikaleta nidhamu mpya. Auguste Escoffier, mpishi aliyeanza kazi akiwa na miaka 13 katika mkahawa wa ami yake mjini Nice, aliingia hoteli ya Savoy ya London mwaka 1890 pamoja na meneja César Ritz, akapiga marufuku matusi na makelele, akawawekea wapishi maji ya shayiri ya kunywa badala ya pombe, akaligawa jiko mafungu, kila fungu na mkuu wake. Mwandazi mkuu alikuwa na watu wake: fundi wa aiskrimu, fundi wa peremende, mwokaji mikate, na chumba chao kilitengwa na meko ya nyama, kwa kuwa unga uliokunjwa na siagi hutaka meza baridi ya marumaru, na joto likiufikia, siagi huyeyuka na matabaka hushikana.

Tazama sahani ile aliyoitunga Escoffier katika miaka ya 1890 kwa heshima ya mwimbaji Nellie Melba. Mafyulisi yaliyoiva huchovywa katika maji yanayochemka kwa sekunde mbili tu, yakatiwa katika maji ya barafu, yakamenywa kwa vidole na kunyunyiziwa sukari. Kisha hulazwa juu ya aiskrimu ya vanila, baina ya mabawa ya batamaji aliyechongwa katika bonge la barafu, na juu yake nyuzi za sukari, ambazo hazina budi kuvutwa dakika za mwisho, kwani unyevu huzilainisha mara. Mikono ya watu kadhaa imo humo, na mwandazi mkuu ndiye ajuaye dakika ya kila mkono. Jina likabaki la mwimbaji, na sifa zikamwendea Escoffier. Waliochonga na waliomenya hawakutajwa.

Alipohamia hoteli ya Carlton, iliyofunguliwa mwaka 1899, Escoffier alimwondoa batamaji akamimina juu ya matunda rojo la rasiberi. Mimi nalipendelea tunda hilo chachu kuliko barafu yote ile, kwa kuwa liliipa sahani ladha iliyokuwa ikikosekana, na likaiwezesha kupikwa kila usiku katika hoteli yoyote yenye mwandazi hodari, pasipo kumngojea mchongaji.