Kutu ya kahawa na funzo kwa wenye mikorosho

Kila nikimiminiwa kahawa chungu barazani baada ya magharibi, humkumbuka Harry Marshall Ward, mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza.

Mwaka 1869 mibuni ya Ceylon, leo Sri Lanka, ilionekana na madoa ya rangi ya machungwa chini ya majani, kama kutu. Majani yakapukutika. Ward alipelekwa huko 1880 kuchunguza. Akathibitisha kuwa ni kuvu, Hemileia vastatrix. Mbegu zake ni laini kama vumbi na hupeperushwa na upepo; zikitua kwenye jani lenye unyevu, huota na kuingia kupitia vitundu vya kupumulia. Alionya pia kwamba kupanda mibuni mitupu, shamba kwa shamba, bila miti ya kukinga upepo, ni kuyafungulia njia maradhi. Lakini maji yalikuwa yameshazidi unga. Wenye mashamba wakaigeukia chai.

Sisi wa Pwani tuna mikorosho, nayo ina kuvu yake: ubwiri unga. Maua huvaa unga mweupe, yakakauka bila kuzaa. Nimesikia wenye mashamba wakisema ni kijicho. Ndugu zangu, husuda ipo, lakini unga ule ni kuvu. Punguzeni matawi hewa ipite, na salfa ipulizwe mapema maua yanapochomoza. Ukingoja mti mzima uwe mweupe, utakuwa kama wale wa Ceylon: sababu unaijua, mavuno huna.