Ufadhili wa Samia

Ufadhili wa Samia (hujulikana pia kama Samia Scholarship) ni ufadhili wa masomo unaotolewa na serikali ya Tanzania kwa wanafunzi waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi katika mtihani wa kidato cha sita, ili wasomee shahada ya kwanza ya sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Tofauti na mkopo, fedha zake hazirejeshwi. Jina linatokana na Rais Samia Suluhu Hassan.

Historia

Ufadhili ulianza mwaka wa masomo 2022/2023 chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa mwaka huo wa kwanza zilitengwa shilingi bilioni 3. Maombi hupokelewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004.

Gharama zinazolipwa

Ufadhili hugharimia ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, mafunzo kwa vitendo na bima ya afya.

Namna ya kuomba

Mwombaji awe raia wa Tanzania na awe amepata udahili katika chuo kinachotambuliwa nchini. Maombi hufanyika kwa mtandao. Namba ya mtihani wa kidato cha nne aliyotumia kuomba udahili ndiyo atumie pia HESLB. Zikitofautiana, taarifa zake hazitaoana.

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA kwa Tanzania Bara, au ZCSRA kwa Zanzibar. Inafaa kuanza uhakiki mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Waombaji wa mpakani

Katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, suala la vyeti lina uzito wa pekee. Mji wa Tunduma umepakana na Nakonde, Zambia, na zipo familia zenye ndugu pande zote mbili. Mwombaji aliyezaliwa nje ya nchi, au ambaye mzazi wake alifia huko, huhitaji barua ya uthibitisho kutoka RITA au ZCSRA. Bila barua hiyo, hata mwenye alama za juu kabisa anaweza kukwama.

Anayekosa ufadhili huu anaweza kuomba mkopo wa HESLB.