Funaria: mousse ndogo inayoota mahali palipochomwa makala

Umerudi shambani kisha miezi mingi ya kukimbia vita. Mikaratusi imekatwa, na pale katikati kuna duara la kijani kama zulia. Si nyasi. Inama, uangalie karibu: mara nyingi hiyo iko Funaria hygrometrica, mousse inayopenda mahali palipowaka moto, zaidi sana pale tanuru la makala lilipokuwa.

Mmea wenyewe ni mfupi, milimita 3 mpaka 10 tu, na majani yake mapana yamejifunga pamoja kama kabichi ndogo sana. Hauna maua wala mizizi ya kweli. Utaitambua kwa vijiti vyembamba vinavyosimama juu yake, sentimita 2 mpaka 5, rangi ya manjano ao nyekundu. Kila kijiti kinabeba kifuko chenye umbo la avoka, kimeinamisha kichwa. Ndani iko vumbi laini linalobebwa na upepo. Hilo ndilo linaizalisha.

Chuma kijiti kikavu: kimejisokota kama kamba. Kidondoshee tone la maji, ao kipulizie pumzi tu, kitaanza kuzunguka chenyewe. (Watoto hawachoki na mchezo huu.) Jina lenyewe linasema hivyo: Funaria inatoka kwa neno la Kilatini la kamba, na hygrometrica ni habari ya kupima unyevu.

Usiichanganye na Bryum argenteum, ile ya kwenye kuta na saruji mjini. Hiyo inang'aa kama fedha, kwa sababu ncha za majani yake hazina rangi ya kijani.

Kwa nini inafuata majivu? Moto umeondoa mimea mingine, na majivu yameacha madini inayoyapenda. Majani mengine yakirudi, kwa kawaida ndani ya miaka michache, Funaria inasongwa na kupotea. Kwa hiyo ukiikuta imejaa, moto si wa zamani sana. Lakini haikupi tarehe, wala jina la aliyechoma. Usimshitaki jirani kwa sababu ya mousse. Inaota pia kwenye udongo uliofukuliwa tu, bila moto. Chimbua kidogo kwa kidole: ukikuta vipande vya makala, basi hapo palichomwa.

Kama shamba liko kwenye mteremko, usiikwangue yote. Inashika majivu na udongo, mvua isivichukue. Ukitaka kupanda miti upya, chimba mashimo yako katikati yake, ile ingine uiache.